Centre Radio ya Leicester: miaka miwili na mwezi kasoro siku

Septemba 1972 halmashauri ya jiji la Leicester, katikati ya Uingereza, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala. Idi Amin alikuwa ameshawapa Wahindi siku 90 wawe wametoka nchini, na wengi wao walikuwa na pasi za Uingereza. Tangazo lilikuwa na adabu zake: nyumba hazitoshi, shule zimejaa, kwa faida yenu na ya familia zenu msije Leicester. Wakaja kwa maelfu. Wapo wanaosimulia hadi leo, huku wakicheka, kwamba jina la Leicester walilisoma kwa mara ya kwanza kwenye tangazo lile. Ukipita Belgrave Road utakuta kwenye menyu za mikahawa neno "mogo", nalo si kitu kingine ila muhogo wetu, uliosafiri kutoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ukadondosha silabi moja njiani.

Naanzia kwenye tangazo hilo kwa sababu miaka tisa baadaye, katika jiji hilohilo, kilifunguliwa kituo cha redio kilichotakiwa kula, kuvaa na kulala kwa fedha za matangazo. Kiliitwa Centre Radio. Kilianza kurusha tarehe 7 Septemba 1981 kutoka Granville House, katika masafa ya kati ya mita 238, yaani kilohezi 1260, na kwenye FM 97.1. Tarehe 6 Oktoba 1983 kikanyamaza. Hesabu mwenyewe: miaka miwili na mwezi mmoja kasoro siku. Katika mtandao wote wa redio za kibiashara uliojengwa Uingereza tangu 1973, hiki ndicho kituo cha kwanza kufa kwa kuishiwa fedha.

Ukiwauliza watu wa redio kwa nini kituo fulani kimekufa, mara nyingi watakutajia jina la meneja. Alikuwa mlevi, alileta ndugu zake, alinunua gari kabla ya kulipa mishahara. Inawezekana. Lakini nikizitazama kanuni ambazo Centre ilifungwa nazo mikono tangu siku ya kwanza, naona hata meneja malaika angehangaika. Wale waliopanga gharama za kituo kile hawakuwa wale watakaozilipa. Na dawa iliyokuja baada ya msiba ilipunguza gharama kweli, ila iliondoka na kitu ambacho gharama zile zilikuwa zikikilinda.

Tuziangalie kanuni zenyewe, maana utamu wa habari uko humo.

Sheria ya Utangazaji wa Sauti ya 1972 ndiyo iliyoruhusu redio za biashara nchini Uingereza. Kabla ya hapo, ukiacha vituo vya maharamia vilivyokuwa vikirusha kutoka melini, redio ilikuwa ni BBC. Serikali haikutaka vurugu za soko huria, kwa hiyo kazi ikapewa mamlaka ya IBA, ambayo tayari ilisimamia televisheni ya biashara. LBC na Capital zikaanza London mwezi Oktoba 1973, Radio Clyde ikafuata Glasgow siku ya mwisho ya mwaka, na kufikia 1976 vituo vikawa 19. Serikali ya Labour ikasimamisha upanuzi hadi mwishoni mwa muongo huo. Mlango ulipofunguliwa tena, miji ya kati na midogo ikajipanga foleni. Radio Aire ya Leeds ilianza tarehe 1 Septemba 1981, Centre ikafuata siku sita baadaye, na Radio West ya Bristol ilikuwa hewani kabla Oktoba haijaisha.

IBA haikuwa kama TCRA ya Tanzania, inayokupa leseni na masafa kisha wewe utajua pa kununua mtambo. IBA ndiyo iliyokuwa na mitambo yenyewe. Ilijenga minara kwa viwango vyake, viwango vya juu kwelikweli, kisha ikaikodisha kwa vituo. Ukiwa na wadhamini au huna, ukiuza matangazo kumi au mawili, kodi ya mtambo ilikuwa palepale. Mhandisi wako hakuwa na ruhusa ya kutafuta mtambo wa bei nafuu kidogo mahali pengine. Wenye nyumba za kupanga wanaijua raha hii: mpangaji hachagui nyumba, hachagui bei, na akihama anaacha biashara nzima.

Hapo bado hujacheza wimbo hata mmoja. Kampuni za santuri na chama cha wanamuziki waliogopa kwamba redio ikipiga santuri mchana kutwa, hakuna atakayenunua santuri wala atakayemwajiri mpiga ala. Kwa hiyo muziki wa santuri uliruhusiwa kwa saa 9 tu kwa siku. Saa zilizobaki ujue pa kuzijazia: mazungumzo, habari, michezo, rekodi ambazo hazikuangukia kwenye makubaliano yale. Kila kitu kati ya hivyo kinahitaji mtu wa kukitengeneza, na mtu huyo anataka mshahara. Juu yake kituo kilitakiwa kutenga asilimia 3 ya mapato ya matangazo kwa ajili ya wanamuziki wa kupiga moja kwa moja. Matangazo nayo hayakuruhusiwa kuzidi dakika 9 kwa saa, na kampuni ya sabuni haikuweza kudhamini kipindi kikaitwa kwa jina lake. Ratiba ya vipindi ilipelekwa IBA ikakaguliwe.

Usinielewe vibaya, kanuni hizi zilikuwa na nia njema, na sehemu kubwa ya nia ile naiunga mkono hadi leo. Zililazimisha kituo cha Leicester kuwa na waandishi wa habari wa Leicester, wanaokwenda mahakamani, kwenye vikao vya halmashauri na uwanjani Filbert Street siku ya mechi. Tatizo ni kwamba zilishonwa kwa kipimo cha Capital. Capital ina London nzima ya kuuzia, na wakala wa matangazo wa kampuni kubwa yuko ng'ambo ya barabara. Vazi lilelile ukimvika kijana wa Leicester, suruali inaburuta, mikono inafunika vidole, halafu unamwambia kimbia.

Niruhusu nitoke pembeni kidogo. Niliwahi kuuza matangazo kwenye redio moja ya mkoani, ambayo siitaji jina kwa sababu wenyewe wapo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mjini na daftari la mistari, jalada lake jekundu, upande wa kushoto jina la mteja, upande wa kulia anachodaiwa. Upande wa kulia ulikuwa umejaa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anapenda sana kusikia jina lake asubuhi kabla ya taarifa ya habari, ila kulipa fedha taslimu kulimwasha mkono. Mwezi mmoja akalipa kwa saruji. Mtangazaji wetu wa asubuhi, kijana mwenye sauti nzuri kuliko wote mkoani, akapokea mifuko kumi badala ya mshahara na akashinda siku mbili akitafuta wa kumuuzia. Mwenye nyumba ya wageni alilipa kwa vyumba. Wateja wa salamu ndio pekee waliolipa papo hapo, kadi kwa kadi.

Mlimani, ulipokuwa mtambo, umeme haukujua habari za saruji. Usiku mmoja tukazimika katikati ya kipindi cha taarabu. Tukadhani kimeungua kitu, kumbe luku imeisha, na simu ya mwenye fedha haipatikani. Tukakaa gizani nusu saa tukisikiliza redio ya jirani yetu kwenye simu ya mlinzi.

Nilijifunza hapo kwamba redio ndogo ina hesabu za aina mbili zisizosalimiana. Ya kwanza haijali umeuza nini: mtambo, umeme, leseni, wasomaji wa habari. Ya pili ni mapato, ambayo yanategemea moyo wa muuza mabati. Redio ya nchi nzima inaweza kufidia mwezi mbaya wa Mbeya kwa mwezi mzuri wa Mwanza. Redio ya mji mmoja ina mji mmoja tu, na mji ukipata mafua, redio inalazwa.

Leicester ya 1981 ilikuwa na zaidi ya mafua. Huu ulikuwa mji wa soksi, sweta, viatu na mashine, na viwanda hivyo ndivyo vilivyopigwa zaidi na mdororo wa miaka ya mwanzo ya Margaret Thatcher. Januari 1982, Centre ikiwa na miezi minne, wasio na kazi Uingereza walivuka milioni 3. Kiwanda kikipunguza watu, duka la fanicha linapunguza wateja, na mwenye duka la fanicha anapotafuta cha kukata anaanza na kile kisichomlilia: tangazo la redio. Hapo sina la kuongeza. Mdororo unaeleza kwa nini mwaka ule ulikuwa mgumu, lakini Radio Aire ilizaliwa wiki moja na Centre, chini ya mdororo uleule, ikapita. Kwa hiyo lazima Leicester ilikuwa na jambo lake.

Kwa maoni yangu, jambo lake la kwanza ni BBC. Watu husahau kwamba redio ya kwanza kabisa ya mitaa ya BBC haikufunguliwa London wala Manchester. Ilifunguliwa Leicester, tarehe 8 Novemba 1967. Centre ilipowasha kipaza sauti chake cha kwanza, BBC Radio Leicester ilikuwa na karibu miaka 14 ya kuingia majikoni kwa watu, bila tangazo hata moja, bila kodi ya IBA, fedha zake zikitoka kwenye ada ya leseni wanayolipa wenye televisheni. Kituo cha biashara kilitakiwa kushindana na jirani anayegawa chakula bure, halafu kikalazimishwa na kanuni kupika chakula kilekile: habari za mtaa, mazungumzo, mambo ya jamii.

La pili ni wale tulioanza nao, waliosoma tangazo la Uganda Argus wakapanda ndege.

Walikuwa wametoka Uganda, na kabla yao Kenya, na wengine Tanzania. Wengi walikuwa watu wa duka. Walijua bei ya jumla, walijua mkopo, walijua faida ya kuweka mzigo mlangoni ili mpita njia auone. Walianzia viwandani, kwa kazi za usiku ambazo wenyeji hawakuzitaka. Mwaka 1974 waliongoza mgomo katika kiwanda cha mashine za kuandikia cha Imperial, wakidai ubaguzi katika bonasi, na mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Kidogo kidogo wakaanza kununua maduka yaliyokuwa yanakufa pale Belgrave Road: sari, dhahabu, vitu vitamu, viungo. Wakati viwanda vya jiji vinazima taa, barabara hiyo ilikuwa inawasha.

Sasa jiulize, watu hawa walikuwa wanasikiliza nini? Walikuwa wanasikiliza BBC. Tangu 1976 Radio Leicester ilikuwa na kipindi chao cha jioni, kilichoanza saa kumi na mbili, kikiongozwa na Don Kotak na Mira Trivedi. Kilikuwa na nyimbo za filamu za Kihindi, habari za jamii, salamu. Naam, salamu, kama hizi zetu za kadi. Kipindi kile kikakua, na mwaka 1988 likatoka humo jina la Asian Network, ambalo baadaye likawa kituo cha taifa zima cha BBC.

Kwa lugha ya daftari langu jekundu: fungu la wasikilizaji lililokuwa na maduka mapya, lenye desturi ya kutangaza na lisilofikiwa vizuri na gazeti la Kiingereza, lilikuwa limeshaozeshwa kwa kituo kisichoruhusiwa kuuza tangazo hata moja. Fedha ya kutangaza ilikuwepo, na masikio ya kutangaziwa yalikuwepo, lakini vilikuwa kwenye nyumba mbili tofauti. Sisemi kwamba Centre ingejigeuza redio ya Kigujarati ingepona. Kanuni zilitaka kituo kihudumie eneo lake zima, mzee wa Kiingereza anayetaka kusikia habari za raga pamoja na mama wa Belgrave anayetaka Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu za Kihindi, na ukijaribu kuwapa wote kwenye chaneli moja kila mmoja anakuta kipindi cha mwenzake anapofungua. Lakini ndio maana nasema gharama ilipangwa na asiyelipa. Mlipaji angeachwa achague, huenda angeanza na pale penye duka.

Baada ya Oktoba 1983 Leicester ilikaa karibu mwaka mzima bila redio ya biashara. Septemba 1984 masafa yakafufuliwa kwa jina jipya, Leicester Sound, safari hii ikiegemea mabega ya Radio Trent ya Nottingham, mji jirani ambao umekuwa na upinzani na Leicester tangu enzi za mababu. Ukitaka kujua jinsi mambo yalivyokuwa magumu, fikiria redio ya Moshi inaokolewa na watu wa Arusha, na watu wa Moshi wanashukuru.

Msiba wa Centre uliwashtua wenye vituo vingine. Kama IBA, pamoja na ukaguzi wote ule, imeruhusu kituo kife, basi yeyote anaweza kufa. Na kweli, Gwent Broadcasting ya Newport ilifunguliwa Juni 1983 ikazimika Aprili 1985, muda mfupi kuliko hata Centre. Radio West ya Bristol ikajisalimisha kwa jirani yake wa Wiltshire. Juni 1984 wakuu wa vituo walikutana hotelini karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow wakadai waziwazi: kodi ya mitambo ishuke, kanuni zilegezwe, turuhusiwe kuungana. Kidogo kidogo wakapewa. Sheria ya 1990 ikaivunja IBA, na kuanzia 1991 vituo vikawa huru kushughulikia mitambo yao.

Wengi katika fani huisimulia sehemu hii kama mwisho mwema. Mimi nasita. Ruhusa ya kuungana ilipotolewa, waliungana kweli. Kituo kikanunua kingine, kundi likanunua kundi. Mhasibu akigundua kwamba kipindi kimoja cha jioni kinaweza kusikika katika miji mitatu, hawezi tena kusahau alichogundua. Leicester Sound ilihamishwa kutoka 97.1 kwenda 103.2 kisha 105.4, ikabadilisha wamiliki, na Januari 2011 jina lake likafutwa. Iliunganishwa na Trent ya Nottingham na Ram ya Derby, zikawa kituo kimoja cha eneo chini ya jina la Capital. Capital ileile ya London ya 1973. Vazi lililomshinda kijana wa Leicester mwaka 1981 halikupunguzwa. Alitolewa yeye, akaingia mwenye vazi.

Ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya vifo hivi viwili, sijui nichague kipi. Centre ilikufa ikiwa na waandishi wake, mjini kwake, ikidaiwa. Leicester Sound ilikufa ikiwa na hesabu safi, na asubuhi iliyofuata redio bado ililia kwenye magari, watu wakaendelea kuendesha.

Huku kwetu tumefika kwenye njia panda hiyohiyo bila kupitia Leicester. Leseni za wilaya zimetolewa kwa wingi, na kila mwaka utasikia redio fulani imezimika "kwa muda" kupisha matengenezo. Nyingine zimepona kwa kujiunga na kituo cha Dar es Salaam: asubuhi Dar, mchana Dar, jioni saa mbili za hapa nyumbani, kisha Dar tena. Anayezipokea akikuambia hana la kufanya, amini. Mimi nimeona daftari.

Lakini kuna sehemu ya hadithi ambayo huwa naisubiri kila ninapoisimulia. Ile mita 238, kilohezi 1260, haikutupwa. Ilitumiwa na Leicester Sound, halafu kuanzia 1988 ikapewa GEM AM, kituo cha nyimbo za zamani cha ukanda ule. Mwaka 1995 ikachukuliwa na Sabras Radio, kituo cha biashara cha Wahindi wa Leicester. Mwanzilishi wake ni Don Kotak, yuleyule wa kipindi cha jioni cha BBC. Masafa yaleyale yaliyomshinda aliyetakiwa kuzungumza na kila mtu yakamlisha aliyejua anazungumza na nani. Sabras haikulazimishwa kuwa na kila kitu kwa ajili ya kila mtu, na wateja wake wa matangazo walikuwa hatua chache kutoka walipo wasikilizaji wake: wauza dhahabu, mawakala wa tiketi, kumbi za harusi. Umri wa Centre imeshaupita mara kumi na zaidi.

Kwa hiyo waliokatazwa kwa tangazo wasije ndio waliokuja kufundisha jiji jinsi ya kuishi kwa matangazo. Ningependa kuliona daftari la mauzo la Sabras la mwaka ule wa kwanza, upande wa kulia hasa. Nina shaka kama alikuwepo aliyelipa kwa saruji, ila wa kulipa kwa bajia na mogo siwezi kumwekea dhamana.